Dokta wa Magoti Anamkanda Veronika

Jumatatu, 3 Machi

Magoti matatu, kifundo kimoja, paja la golikipa. Wote nimewachua, wameondoka wanatembea. Beki wa kushoto aliletwa kwenye keria ya baiskeli, akarudi anaisukuma mwenyewe. Sisemi mengi. Mikono yangu inajulikana kuanzia Lumemo mpaka Mang'ula.

Daftari hili ni la magoti. Nani kaumia, wapi, akae nje siku ngapi. Niliishia darasa la tano lakini goti sijawahi kulikosea hesabu. Leo naandika na ya nyumbani. Kichwa kimejaa na sina wa kumwambia.

Juzi tumemtoa Fortunata hospitali. Mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka tisa, mjomba ni mimi na baba ni mimi. Kajifungua njiti, kabla ya miezi kutimia. Wiki nne wamekaa kule, mtoto kafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kule alimbeba kwa amri ya manesi. Hapa hakuna amri. Ananyonyesha anaangalia ukuta. Akimaliza anamrudisha mtoto kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Jina la mtoto ni Veronika, la dada yangu. Kalisti, mume wake, ndiye aliyelichagua. Fortunata halitaji. Anasema "huyu".

Kwa kawaida mke wangu Paskalina ndiye angemkanda mtoto. Lakini aliteleza kwenye jaruba la mpunga, mkono wa kulia umefungwa POP mpaka juu ya kiwiko. Mama Kalisti yuko Lupiro, hajasema anakuja lini. Majirani nao wana mashamba, maji yamejaa, kila mtu anakimbizana na magugu.

Mikono mizima ndani ya nyumba hii ni miwili. Yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemkanda.

Paskalina kakaa kwenye kigoda anaamrisha. "Siyo hivyo, Deo. Huyo siyo beki." Nikamwambia mwili ni mwili. Akasema mwili wa huyu ni wa kifaranga, wewe umezoea nyumbu.

Kweli ni mdogo. Paja lake ni kama kidole changu gumba. Sijaogopa. Mimi niliyemchua mamba taya pale kivukoni akaniachia mguu, niogope mtoto? Kovu ninalo, kila mtu kaliona. Paskalina anasema ni la jembe. Hakuwepo.

Ila mikono ilitetemeka. Baridi ya asubuhi.

Mafuta ya nazi kidogo, nikayapasha kwenye viganja. Nikaanza miguuni. Alikuwa amejikunja kama ngumi. Nikashuka taratibu, paja, goti, wayo. Mara ya tatu akanyoosha mguu wa kushoto mwenyewe. Akafungua vidole vya mkono. Kimoja kimoja. Nimechua wanaume mia na zaidi, hakuna aliyewahi kunifungulia vidole namna ile.

Fortunata alikuwa kitandani, uso ukutani.

Jumatano, 5 Machi

Nimepakwa majivu. Nimeacha pombe mpaka Pasaka. Padre kasema bora ningeacha kujisifu. Nikamwambia, padre, kujisifu ni kusema usichonacho. Akaniongezea majivu.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Mtoto kaongezeka. Fortunata kakaa kwenye benchi kama mzigo wa mtu mwingine.

Nesi kaniuliza mimi ni nani. Nikasema mjomba, tena dokta wa timu. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mganga wa mnadani. Nikamwambia ndimi ninayemkanda. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema vizuri, njoo nikuonyeshe.

Kumbe kuna utaratibu. Usimkande akiwa ameshiba. Usimkande ana njaa. Mwangalie usoni, ongea naye. Akigeuza uso au akipiga miayo, acha, hapo anasema imetosha. Tumbo unazungusha kama mshale wa saa unavyokwenda, gesi inatoka. Mgandamizo uwe ule wa kumsikiliza, siyo wa kumshinda. Asubuhi, mahali pasipo na upepo.

Na yale ya kumning'iniza kwa mikono, kumvuta viungo, kumrusha, maji ya moto, marufuku. Nikasema, nesi, mimi mwenyewe nilining'inizwa, ona nilivyo. Akasema, "Mzee wangu, ndiyo maana nakukataza."

Kasema inasaidia usingizi. Inasaidia joto. Mtoto anajua huyu ni wangu. Halafu akasema kitu sikukitegemea. Kasema anayekanda naye anatulia. Mama anayemkanda mtoto wake, hata maziwa yanashuka vizuri. Alisema hayo anamwangalia Fortunata, siyo mimi.

Akamwambia pia huzuni ya baada ya kujifungua ni ugonjwa kama malaria, siyo tabia mbaya. Arudi wiki ijayo waongee wawili tu. Fortunata akasema sawa. Neno moja tangu asubuhi.

La mwisho lilinikasirisha. Kaniambia, nawa mikono kwa sabuni kila mara, mpaka kwenye kiwiko, vua pete. Mimi nafundishwa kunawa.

Jumapili, 9 Machi

Kalisti amekuja kutoka Mang'ula, kule hifadhini anakolinda. Jitu refu. Anafukuza tembo kwenye mashamba ya watu kwa kupiga debe. Kumshika mtoto wake anaogopa. Anasema, "Mjomba, nitamvunja."

Nikamwambia vua shati. Kaa. Nikamlaza Veronika kifuani kwake, nikashika mkono wake kama ninavyomshika mchezaji mpya, nikaupitisha mgongoni kwa mtoto. Juu, chini. Juu, chini. Kiganja chake kinafunika mgongo wote. Baada ya muda nikatoa mkono wangu. Hakugundua.

Kalala mtoto. Kalala na baba, mdomo wazi.

Fortunata alikuwa amegeuka. Anaangalia. Nilipomwangalia akageukia ukuta.

Nimeona. Jicho moja lilikuwa huku.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya tisa. Kila asubuhi baada ya uji. Miguu, tumbo, kifua, mikono, mgongo. Namwimbia nyimbo za timu, sizijui nyingine. Analala saa mbili mfululizo. Zamani alikuwa analia mpaka anabadilika rangi.

Na mimi presha yangu imeshuka. Sijapima. Naijua.

Uwanjani wamesikia. Jana walikuwa wananipigia kelele. "Dokta, na sisi tufunge nepi?" "Mkunga kaja." Winga mmoja kalala chini anajikunja, "Mjomba, nina gesi." Nikamgandamiza paja mpaka akaita mama yake. Nikawaambia mimi nakanda asubuhi mtoto na jioni watoto, tofauti sioni.

Wazee wa kijiweni wanasema mwanamume hamkandi mtoto, tena wa kike. Wapi imeandikwa? Waje wanionyeshe. Nitawasomea mwenyewe.

Fortunata leo kauliza kama mafuta yamebaki mengi. Nimejibu yamebaki nusu. Basi. Lakini kauliza.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Kalisti ameshuka na bodaboda kutoka Lupiro, kilo kumi za mchele mapajani na kitambaa cha kichwa hakijasogea. Mama wa Kalisti. Mwanamke anayesalimia nyumba nzima kabla hajakaa, na akikaa keshaona kila kitu.

Amenikuta katikati ya kazi. Mtoto uchi kwenye mkeka, mimi mafuta mpaka kwenye kiwiko.

Alisema, "Mjomba Deo, humu ndani wanawake wamekwisha?"

Nikasema, "Wamevunjika mikono."

Akamchukua mtoto, akamgeuza, akamkagua kama mtu anayenunua jogoo. Kasema miguu haijanyooshwa. Kichwa hakijatengenezwa. Akaagiza maji ya moto. Akataka kumshika mikono amning'inize, viungo vifunguke.

Nikakataa.

Sijawahi kumkatalia mkwe. Nilisimama mlangoni nikasema hapana. Nesi kasema hapana na mimi nasema hapana. Kasema amekanda watoto tisa. Nikasema na mimi nimekanda timu nzima. Paskalina alifunika uso kwa kanga, sijui kwa aibu au kwa kicheko.

Mama Kalisti akaniacha mimi, akamwangalia Fortunata kitandani. Muda mrefu. Akasema taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza, "Mama gani huyu hamtazami mwanawe. Nakaa hapa siku chache. Kama hali ni hii, naondoka na mjukuu. Lupiro maziwa ya kopo yapo na mikono ipo."

Fortunata aligeukia ukuta. Alivuta shuka.

Haondoki mtoto hapa. Naandika ili niwe nimeandika. Haondoki.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya. Naiandika yote.

Asubuhi sikumkanda, mama mkwe alikaa na mtoto mapajani mpaka saa nne. Mchana mechi. Uwanja ni bwawa. Tumeshinda. Nimechua nyama za paja za watu sita kwa dawa ile ya chupa nyekundu, yenye pilipili ndani, ukiipaka jasho linatoka hata masikioni. Hiyo naichanganya mwenyewe. Hakuna mwingine hapa mjini anayeiweza.

Nilirudi na mvua. Mvua ya huku siyo ya kunyesha, ni ya kumwagwa. Nimefika nimelowa mpaka mifupa. Mama Kalisti alikuwa amelala kidogo, Paskalina yuko jikoni. Nikaona hii ndiyo nafasi. Asipokandwa leo huyu mama atasema si unaona, hata bila kukandwa na wewe anakaa.

Sabuni ilikuwa uani. Nikajiambia mvua yote hiyo, mikono imeshanawa.

Miguu alikubali. Tumbo nikazungusha mara mbili.

Sijawahi kusikia sauti ile. Mtoto mdogo vile. Tumbo likawa jekundu, mapaja mekundu. Fortunata akakaa kitandani. Mama Kalisti akaja mbio. Paskalina akaja na kikombe mkononi. Nikamfuta kwa kanga, nikamfuta kwa maji, na akili ikaniambia papo hapo ni nini.

Wakauliza nini.

Nikasema joto. Vipele vya joto.

Nimesema hivyo mimi. Mbele ya watu watatu na Mungu.

Jumapili, 16 Machi

Wekundu umepungua. Lakini mtoto hakulala, ananyonya anaacha, analia. Mama Kalisti kamwangalia asubuhi yote. Tuliporudi kutoka kanisani akafunga mlango akasema neno lile.

Kabemendwa.

Asiyelijua neno hili ni bora. Maana yake mama katoka nje ya ndoa, maziwa yamechafuka, mtoto anaumwa kwa dhambi ya mama. Amesema ndiyo maana kazaliwa njiti. Ndiyo maana mama hamtazami usoni, dhamiri inamsuta. Na sasa ngozi imesema.

Kalisti alikuwa amefika tangu saa tatu. Aliangalia chini. Sikupenda alivyoangalia chini.

Nikasubiri Fortunata apige kelele. Amtukane. Amrushie kitu. Hakufanya. Alisema, "Labda maziwa yangu ni mabaya kweli." Kwa sauti ya mtu aliyekuwa anajua siku zote.

Jioni kakataa kunyonyesha. Paskalina anampa mtoto maziwa ya kopo kwa kijiko, mkono mmoja, mimi nashika kikombe.

Mama Kalisti anafunga mzigo. Kesho asubuhi anaondoka naye Lupiro. Kalisti hajasema ndiyo wala hapana.

Mimi nimekaa na daftari. Najua kitu ambacho kingemaliza yote. Sentensi moja.

Watu wote wa bonde hili wanaijua mikono yangu. Nina nini kingine? Shamba langu ni ekari moja na nusu, nusu yake maji. Elimu darasa la tano. Nina mikono. Nikisema, kesho kijiweni wanasema Deo kamchoma mjukuu wa dada yake. Mpaka nazikwa watasema.

Kaunguzwa mtoto. Maziwa hayajaharibika. Nimeandika. Hapa kwenye karatasi ni rahisi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesema.

Walikuwa wanakunywa chai. Mzigo uko mlangoni, mtoto kavikwa kofia, yuko mapajani kwa Paskalina. Mama Kalisti kashaita bodaboda. Nilitoka chumbani na ile chupa nyekundu nikaiweka katikati ya vikombe.

Nikasema, "Mtoto hajabemendwa. Mtoto kachuliwa dawa ya magoti. Ni mimi. Sikunawa."

Mama Kalisti hakunyanyua hata kikombe. Akasema, "Unamfichia mwanao. Mjomba yeyote angefanya hivyo."

Hilo sikulitegemea. Nimebeba kosa usiku kucha na mtu hataki kulipokea.

Nikamwambia, "Mama Kalisti, uliza mtaa mzima. Tangu nizaliwe nimewahi kukubali kosa? Mtu kama mimi nikisema nimekosea, ujue nimekosea."

Paskalina akasema, "Hapo anasema kweli. Miaka ishirini na nne nasubiri siku hii."

Bado haamini. Basi nikavua shati. Nikamimina ile dawa kiganjani, nikaipaka tumboni kwangu, pale chini ya kitovu ambapo ngozi ni laini. Nikasema tusubiri. Tukakaa watu wazima wanne tunatazama tumbo langu kama watu wanaosubiri wali uive. Bodaboda anapiga honi nje. Kalisti akamwambia subiri, tunaangalia tumbo.

Halikuchelewa. Likawaka. Jekundu lile lile, kama nyanya. Nikauma meno. Machozi yalitoka, ni ya pilipili. Nikaleta ile kanga niliyomfutia mtoto, ilikuwa haijafuliwa, nikampa Mama Kalisti anuse. Akanusa. Akanusa chupa. Akanusa kanga tena.

Kalisti akainua uso. Akamwangalia mama yake, halafu mlango wa chumba.

Fortunata alikuwa amesimama pale. Sijui tangu lini.

"Mjomba. Ulisema ni joto."

"Nilisema."

"Siku mbili umeniacha."

"Siku mbili."

Akaja mpaka mezani. Nilidhani atanipiga na ningekubali. Aliichukua chupa, akaenda nayo chooni, nikasikia imetumbukia. Dawa ya mwezi mzima. Akarudi.

"Na kovu?"

"Kovu gani?"

"La mguuni. La mamba."

Nimeona nikianza kusema kweli nimalizie. Nikasema, "Jembe."

Kacheka. Fortunata. Ameanza kidogo kwa puani, halafu kacheka mpaka akashika meza, halafu ikawa siyo kicheko tena, akalia, kalia kama siku aliyozikwa mama yake, ambayo ndiyo siku ya mwisho niliyomwona analia hivyo. Gauni lilikuwa limelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe.

Akamchukua mtoto kwa Paskalina bila kuomba. Akakaa pale pale kwenye mkeka, mbele ya mkwe, akamnyonyesha. Akimwangalia.

Kalisti alitoka akamwambia bodaboda aende.

Jumanne, 18 Machi

Kovu ni la mamba. Jana nilikuwa na presha.

Tumbo linawaka bado. Nalala chali. Paskalina anapaka maji ya baridi na kunicheka kwa zamu.

Uwanjani washajua. Wameniita Dokta Pilipili. Nikawaambia ndiyo, nilimuunguza, nikasema mwenyewe, nani kati yenu ana ubavu wa kusema lake? Golikipa alikuwa wa kwanza kunyamaza, na mimi najua kwa nini.

Waite wanavyotaka. Mtoto yuko nyumbani.

Alhamisi, 20 Machi

Kliniki tena, Fortunata kaingia kwa yule nesi peke yake. Mlango umefungwa. Sikusikia kitu, nilijaribu. Katoka macho mekundu na karatasi ya kurudi. Siyo kwamba kapona. Nimeuliza, nesi kasema ni safari. Sawa. Miguu tunayo.

Mimi nimemwambia nesi niliyofanya. Hakunigombeza. Kanipa kipande cha sabuni.

Jumapili, 23 Machi

Mama Kalisti hajaondoka wala hajaomba msamaha. Siyo wa kuomba. Lakini leo asubuhi alikuja kukaa karibu nami uani, ninapukuchua mahindi, akapukuchua naye. Akasema, "Wangu wa pili alikuwa mdogo kama huyu. Tulimkanda kwa maji ya moto, tukamnyoosha. Ndivyo tulivyojua." Akaendelea kupukuchua. Nikasubiri amalizie. Hakumalizia.

Sikumwambia si nilikukataza. Mimi. Nikampa hindi lingine.

Baadaye akamfuata Fortunata, akamwambia nionyeshe huyo nesi alivyosema. Fortunata akasema yeye hajui, mjomba ndiye anajua. Basi wakaniita. Nikanawa. Mpaka kwenye kiwiko. Wote wanahesabu.

Sikumgusa mtoto. Nilisema tu. Wewe Fortunata, pasha mafuta kwanza. Anza miguuni. Taratibu, huyo siyo beki. Paskalina kakohoa. Fortunata mikono ilikuwa inamtetemeka, nikamwambia hiyo ni baridi ya asubuhi, inatokea hata kwa wataalamu.

Mtoto akageuza uso. Nikasema acha, kasema imetosha. Fortunata akaacha. Akamngoja. Mtoto akageuka tena mwenyewe, akamwangalia mama yake moja kwa moja, na Fortunata akasema, "Haya, Vero. Tuendelee."

Kalisti alikuwa amekaa nyuma yake, mgongo wa mke unaegemea kifua chake. Anamkanda mabega. Hakuna aliyemfundisha hilo. Labda mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama Kalisti amerudi Lupiro juzi. Ameacha mchele.

Mechi leo jioni. Magoti mawili yananisubiri, nimewaambia watangulie. Nachanganya dawa mpya, naihifadhi kibanda cha nje, chupa ina kamba nyekundu.

Asubuhi jua lilitoka kidogo. Fortunata kakaa mlangoni, miguu kainyoosha, mtoto kalala juu ya miguu yake. Anakanda anahema taratibu. Mtoto naye anahema hivyo hivyo. Siku nyingine bado anageukia ukuta, jana alikuwa hivyo. Leo hapana.

Kazi yangu sasa ni kushika chupa ya mafuta ya nazi katikati ya viganja mpaka ipate joto. Nakaa kando. Siongei.

Alipomaliza akasema, "Mjomba, mshike kidogo nikaoshe mikono."

Nikamshika. Kaninyaka kidole gumba, hataki kukiachia. Nikabaki hivyo. Uwanja unaweza kusubiri.

Nimenusa mkono mwingine, ule ulio huru. Nazi tu.